Vitafunio vya mtoto asiyekula ngano wala maziwa: jibu kwa mama wa Mikindani

Mama mmoja wa Mikindani, mkoani Mtwara, ameniandikia kuhusu mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 7. Baada ya kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa na uzito kutopanda, mtoto alipimwa Dar es Salaam akaonekana ana ugonjwa wa siliaki. Daktari akaagiza ngano iachwe moja kwa moja, na maziwa nayo yaachwe kwanza. Mama anasema: “Shuleni wenzake wanakula maandazi na biskuti, yeye nampa muhogo wa kuchemsha kila siku mpaka ameuchoka. Biskuti maalumu nilizoonyeshwa Dar siziwezi kwa bei yake. Nimtengenezee nini hapa nyumbani? Na mdogo wake wa miaka 3 nimeanza kumnyima chapati ili asije akaugua naye, nimefanya sawa?”

Pole sana kwa kuuguza, mama, na hongera kwa kumfikisha mtoto kwenye kipimo, maana wapo watoto wanaotibiwa minyoo na amiba mara nyingi kabla ya mtu yeyote kuitilia ngano shaka. Swali la mdogo wake nimeliweka mwishoni kwa kuwa halieleweki vizuri bila maelezo yanayolitangulia, lakini tafadhali usiache kusoma kabla ya kulifikia.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, nafaka inayofanana na ngano. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike ukikandwa, na ndiyo inayoizuia chapati isikatike unapoisukuma. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huipokea protini hiyo kama adui, na katika kupambana nayo huuharibu utando wa utumbo mwembamba, ambao kwa kawaida umejaa vijinyweleo vya kunyonya chakula. Vijinyweleo hivyo vikilala, mtoto hula akashiba na bado akakonda. Tiba iliyopo ni kuiacha gluteni maisha yote, na kuiacha maana yake si kuipunguza. Katika utafiti mmoja uliofanywa kwa watu wenye siliaki ambao tayari walikuwa wakifuata mlo wao vizuri, miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zilitosha kuuumiza utumbo upya. Kiasi hicho kinapatikana katika takriban nusu gramu ya unga wa ngano, yaani vumbi linalobaki kwenye kibao baada ya kusukuma chapati.

Ninaanza na kipimo hicho kidogo kwa sababu kinaonyesha mahali kazi yako ilipo. Uhaba wa vyakula haupo Mikindani. Sehemu kubwa ya vitafunio vya pwani ya kusini haikuwa na ngano wala maziwa tangu mwanzo: vitumbua, mkate wa kumimina, bajia za kunde, kashata, ming'oko, viazi vitamu, bisi. Biskuti za Dar es Salaam ulizoonyeshwa mara nyingi ni wanga na sukari iliyofungwa vizuri, na sioni sababu ya kumnyima mtoto kunde na ufuta wa Lindi ili anunuliwe hizo. Kazi yako ni mbili: kuhakikisha vyakula hivi havigusani na ngano njiani, na kuhakikisha mtoto haishii kuishi kwa wanga peke yake.

Tuanze na vitumbua, kwa kuwa ndivyo vitakavyochukua nafasi ya andazi. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, mwaga maji, kisha usage kwa blenda pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, vijiko vikubwa vitatu vya wali uliokwisha kuiva, robo kikombe ya sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira na iliki uliyoitwanga mwenyewe. Usishangae kuona wali humo. Unga usio na gluteni hauna kitu cha kushikilia hewa inayotolewa na hamira, na ndiyo maana wengi hulalamika kwamba vitumbua vyao vinakuwa vigumu au vinavunjika. Wanga uliokwisha kupikwa hunata, na kunata huko ndiko kunakoshikilia viputo. Rojo likiwa zito kiasi cha kudondoka polepole kutoka kwenye upawa, liache liumuke kwa saa moja au mbili, kisha pika kwenye chuma cha vitumbua kwa moto wa wastani. Ukitaka mkate wa kumimina, rojo ni lile lile, ukiongeza yai moja au mawili yaliyopigwa, kisha ukaoka kwenye sufuria yenye moto juu na chini. Mkate huo hukatika vipande safi na hauvunjiki kwenye mkoba wa shule, jambo ambalo vitumbua hatuwezi kuviahidi.

Vitumbua vya barabarani ni habari nyingine. Wapo wauzaji wanaotia ngano kidogo ili rojo lishikane na mchele uende mbali, na si kwa ubaya. Hawajui tu kwamba kijiko kimoja kinamhusu mwanao. Uliza kwa upole kabla ya kununua, na ukiona muuzaji anasitasita, usinunue.

Kitafunio ninachokipa uzito kuliko vyote, hata hivyo, ni bajia za kunde, kwa sababu mtoto aliyekuwa hanyonyi chakula kwa miezi mingi anahitaji protini na madini ya chuma, na upungufu wa damu ni jambo la kawaida kwa wenye siliaki. Loweka kunde usiku, zisugue kwa mikono ili maganda yatoke, kisha usage kwa maji machache sana pamoja na kitunguu na chumvi. Kabla ya kukaanga, lipige rojo kwa mwiko kwa dakika kadhaa mpaka lianze kuwa jepesi, kwani hewa unayoingiza hapo ndiyo itakayozifanya ziwe laini bila hamira wala ngano. Kwa kila vikombe viwili vya kunde, changanya kijiko kikubwa kimoja cha unga wa dagaa uliowakausha vizuri na kuwatwanga pamoja na mifupa yao. Harufu ya dagaa hufichwa na kitunguu, na watoto wengi hawaitambui. Mbaazi na choroko hufaa vilevile. Dengu pia, ila unga wa dengu unaouzwa umeshasagwa siuamini, kwa kuwa huwezi kujua umepita kwenye mashine gani.

Hapo tunaingia kwenye suala la maziwa, na nakuomba umrudie daktari wako na swali moja: maziwa yamekatazwa kwa ajili ya laktosi, au kwa ajili ya mzio wa protini ya maziwa? Tofauti yake ni kubwa. Kimeng'enya kinachoyeyusha laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, hutengenezwa kwenye ncha za vile vijinyweleo vilivyoharibiwa, hivyo mtoto mwenye siliaki mara nyingi hushindwa kuyavumilia maziwa kwa muda tu, na utumbo ukipona baada ya miezi kadhaa bila ngano huweza kuyarudia. Mzio ni jambo la kinga ya mwili, na mwenye mzio anaweza kudhurika hata kwa kiasi kidogo. Ukiambiwa ni mzio, usidanganyike na maziwa ya mbuzi, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Mtindi nao hupungukiwa laktosi lakini protini yake hubaki. Neno “kwanza” alilolitumia daktari linanifanya nidhani kwamba ni laktosi, ila kudhani kwangu hakutoshi kukufanya umpe mtoto maziwa.

Kwa sasa, basi, kalsiamu itoke wapi? Akina mama wengi wa pwani hunijibu kwa haraka: tui. Tui hufaa sana kupikia, lakini mtoto akilinywa badala ya maziwa anapata mafuta mengi, protini kidogo na kalsiamu chache mno. Maziwa ya korosho, yaani korosho zilizolowekwa zikasagwa na maji, yana ladha nzuri kwenye uji na chai, na mkoani kwenu korosho hazitafutwi kwa tochi. Hata hivyo gramu 100 za korosho zina takriban miligramu 37 tu za kalsiamu, ilhali viwango vya Marekani vinataka mtoto wa miaka 4 hadi 8 apate takriban miligramu 1,000 kwa siku. Tumia tui na korosho kwa ajili ya nishati na ladha, na kalsiamu uitafute kwa dagaa wanaoliwa na mifupa, mboga za majani, unga wa ubuyu na ufuta.

Kuhusu ufuta kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ufuta wenye maganda una takriban miligramu 975 za kalsiamu katika gramu 100, lakini ukimenywa ukawa mweupe, sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo huondoka na maganda. Mtu huona ufuta mweupe ndio bora, akaulipia zaidi, akapata pungufu. Kijiko kikubwa kimoja cha ufuta usiomenywa, ambacho ni gramu 9 hivi, kina karibu miligramu 88. Mwili hauichukui yote, kwa kuwa maganda yana oksaleti inayoishikilia kalsiamu, na ndiyo maana sikushauri utegemee ufuta peke yake. Ukaange bila mafuta mpaka uanze kuruka na kunukia, kisha uutwange. Punje nzima mtoto humeza bila kuitafuna, nayo hutoka kama ilivyoingia. Kwa kashata, yeyusha kikombe kimoja cha sukari kwa maji kidogo mpaka igeuke rangi ya asali, tia vikombe viwili vya ufuta uliotwangwa nusu nusu na korosho zilizopondwa, tandaza kwenye sinia iliyopakwa mafuta, ukate kabla haijapoa. Kipande kimoja kidogo baada ya chakula kinatosha, na kisha asukutue. Meno ya watoto wa kashata ninayajua. Ukitumia karanga, chambua kwa uangalifu na utupe zote zilizosinyaa, zilizooza au zenye ukungu, kwa sababu ya sumukuvu.

Sasa muhogo. Hauna gluteni, na sina neno na muhogo mtamu uliochimbwa leo, ukamenywa na kuchemshwa vizuri. Ninalolihofia ni hilo “kila siku” lako, hasa ikiwa nyumbani mnatumia pia unga wa muhogo. Mihogo michungu ina kemikali zinazozaa sumu iitwayo sianidi, na isipoandaliwa inavyopaswa, mtu anayeitegemea sana huku hali protini ya kutosha anaweza kupatwa na konzo, maradhi yanayokakamaza na kupoozesha miguu ghafla na ambayo hayaponi. Mkoa wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo haya si maneno ya kutishana kutoka mbali. Mwili hutumia viambato vya protini kuiondoa sianidi, na mtoto ambaye utumbo wake umekuwa ukishindwa kunyonya protini hana akiba. Kama unatumia unga wa makopa, ipo njia rahisi iliyofundishwa katika vijiji vya huko huko: changanya unga na maji uwe na unyevu, utandaze kwenye mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu itoke hewani, kisha upike siku hiyo hiyo. Muhogo wa shuleni ubaki siku mbili kwa juma, na uende na bajia. Siku nyingine mpe ming'oko, ambayo wala haihitaji maelezo yangu kwa mtu wa Mtwara, au kiazi kitamu, au ndizi.

Nikitaja ndizi nakumbuka kisa ambacho huwasimulia wazazi. Mwaka 1924, daktari wa watoto wa Marekani aitwaye Sidney Haas aliandika kuhusu watoto wenye ugonjwa huu aliowapa mlo wa ndizi nyingi huku mikate ikiondolewa, nao wakapata nafuu kubwa. Akaamini ndizi ndiyo iliyowaponya. Miaka ikapita, mpaka daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, alipoona kwamba kosa ni la ngano. Katika njaa iliyoikumba nchi yake majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, watoto wenye siliaki walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Alilieleza suala la ngano katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Utaletewa unga wa lishe, asali na majani ya kila aina na watu wema watakaokuambia kwamba vimemponya mtoto wa fulani. Vipokee kwa shukrani, ukiisha kuuliza kama vina ngano, lakini usije ukaamini kwamba kuna chakula kinachomruhusu arudi kwenye andazi. Unga wa lishe, kwa kweli, ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu wengi huuchanganya na ngano, na mtoto huunywa kila asubuhi akiwa mikononi mwa mama yake mwenyewe. Hali kadhalika vinywaji vya unga vyenye kimea cha shayiri, tambi, semolina na soseji.

Mashine ya kusaga ni tatizo hilo hilo kwa sura nyingine. Mtama wako ni safi, lakini mtu aliyekutangulia amesaga ngano, na kiasi kilichobaki ndani kinatoka na unga wako. Ukiweza, saga mwenyewe kwa kinu au blenda. Ndiyo maana nimekupa mapishi ya kulowekwa, ambayo hayapiti mashineni kabisa. Usipoweza, zungumza na mwenye mashine uwe wa kwanza asubuhi, utangulize kilo moja au mbili za mahindi ambazo hutampa mtoto, ndipo usage za kwake. Nyumbani, tenga chekeche, mwiko wa mbao na kibao vyake, kwa kuwa mbao na nyavu hushika unga hata baada ya kuoshwa, na usikaange bajia zake katika mafuta yaliyokaangia maandazi. Sufuria na sahani za kawaida zikioshwa vizuri kwa sabuni hazina shida. Huna haja ya jiko la pili, ila siku unayopika chapati, pika chakula cha mtoto kwanza, ukifunike, ndipo ufungue mfuko wa ngano.

Kuhusu shule, kaa na mwalimu wake wa darasa na umweleze kwa maneno machache kwamba kipande cha andazi kwa mtoto huyu ni ugonjwa, hata kama hataharisha siku hiyo. Walimu wengi huelewa wakiambiwa hivyo, na hawaelewi wakiambiwa “hapendi ngano”. Mfungie vitafunio vya kutosha kumgawia rafiki mmoja; nimeona watoto wanaokubali mlo huu upesi ni wale ambao wenzao wanavitamani vya kwao, na kashata ya ufuta na korosho ina wateja darasa lolote. Sikukuu ya Idi, nyumba mnayoalikwa itakuwa na visheti, kalimati na sambusa, na wenyeji watasema kidogo hakidhuru. Nenda na mkate wa kumimina mzima kama zawadi ya nyumba, mkatie wa kwake kabla haujawekwa kwenye sinia moja na vingine, na hakuna atakayeona amebaguliwa.

Sasa mdogo wake. Ndugu wa damu wa mtu mwenye siliaki wana uwezekano wa takriban mmoja kati ya kumi wa kuwa nao, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi na mtoto huyo anafaa kupimwa, hata kama haumwi. Lakini kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili wa mwenye siliaki hutengeneza anapokula gluteni, na mtoto asiyekula ngano anaweza kuonekana mzima ilhali si mzima. Kumnyima chapati kabla ya kipimo, basi, kunaweza kuwaficha madaktari jibu lenyewe. Mrudishie ngano katika chakula chake cha kila siku, akilie mbali na sahani ya kaka yake, umweleze daktari ni tangu lini ulikuwa umemwondolea, naye atakuambia ale kwa majuma mangapi kabla ya kutolewa damu. Akiharisha au akitapika sana katika muda huo, usisubiri tarehe, mpeleke. Na zile kashata, kwa huyu wa miaka 3, ufuta na korosho ziwe zimetwangwa kabisa. Korosho na karanga nzima zisubiri mpaka avuke miaka 5, kwa kuwa zinaweza kumpalia.